Nani Amebeba? Mhadhara Kuhusu Vitenzi vya Kiingereza vya Kuchukua na Kusafirisha



Jioni hii nitazungumza juu ya kipande kidogo cha lugha ya Kiingereza: vitenzi vinavyotaja kukitoa kitu mahali na kukifikisha pengine. Nina maana ya "bring", "take", "fetch", "carry", "haul", "ship", "transport" na wenzao. Nimevichagua kwa sababu mbili. Kwanza, vinatumika tangu asubuhi hadi usiku, na mwanafunzi anayevikosea hukosea kila siku. Pili, ndani yake imetunzwa historia ya kazi: nani alibeba, kwa mwili au kwa chombo gani, na nani alikaa mezani akiandika kwamba mzigo umefika.

Hoja yangu ni hii. Kadiri Kiingereza kinavyotoka katika usemi wa nyumbani na kuingia katika usemi wa ofisini, ndivyo mbebaji anavyozidi kufifia ndani ya kitenzi. Sisi tunaofundisha na kufasiri tuna wajibu wa kumtafuta na kumrudisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lugha nayo yaweza kuugeuza mzigo wa mtu ukawa usufi, ikiwa msomaji hayuko macho na mfasiri amelala.

Msemaji amesimama wapi?

Tuanze na darasa. Katika madarasa yetu mengi, mtoto hukaririshwa hivi: "bring" ni leta, "take" ni chukua, "carry" ni beba. Orodha hiyo hukaa kichwani upesi, lakini inapotosha, kwa sababu "take" inafanya kazi ya vitenzi vyetu viwili. Ukimwambia mtu autoe mfuko mezani, "take" ni chukua. Ukimwambia aufikishe mfuko huohuo kwa shangazi yake, "take" ni peleka. Mwanafunzi aliyekariri chukua peke yake akitaka kusema peleka hukwama, kisha huokota "carry" au "bring". Kumbe "carry" haiulizi safari inaelekea wapi. Mtu anaweza kushinda amebeba kikapu kutwa nzima bila kukifikisha popote, na "carry" ikawa imetumika sawasawa.

Kinachotenganisha "bring" na "take" ni mahali walipo wazungumzaji. Kitu kinachokuja kwetu ni cha "bring". Kinachotuacha ni cha "take". Mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, alilichambua jambo hili katika mihadhara aliyoitoa Santa Cruz, California, mwaka 1971. Alikuwa akieleza maneno ambayo maana yake haikamiliki mpaka ujue anayesema ni nani, yuko wapi, na anasema lini. Aliyatazama kwa kirefu maneno ya kuja na kwenda, na vitenzi vyetu vya leo ni watoto wa nyumba hiyo, kwani anayeleta huja na kitu, na anayepeleka huenda nacho.

Kiswahili kina mgawanyo huohuo. Tuna leta na peleka, kama tulivyo na kuja na kwenda. Hata ile desturi ya kuhamia upande wa msikilizaji tunayo. Mtu aliye Tanga akimpigia simu dada yake aliye Arusha humwambia, "Nitakuletea dagaa," ingawa kwake yeye dagaa wanaondoka. Amejiweka pale alipo dada yake. Mwingereza naye hapo atatumia "bring". Basi mwalimu ana msingi imara ndani ya lugha ya mwanafunzi mwenyewe, wala hana haja ya kuchora mishale ubaoni. Aanze na jozi ya leta na peleka, kisha ndipo aje kwenye chukua.

Lakini asiwe mkali kupita kiasi. Wenye Kiingereza wenyewe hawakubaliani kila mahali. Nchini Ireland, "bring" hutumika pale ambapo mtu wa London angetarajia "take": mwenyeji atakuambia kwa "bring" kwamba atakufikisha uwanja wa ndege, nanyi nyote wawili mko nyumbani mnakunywa chai. Wamarekani wengi nao hulegeza mpaka huo. Mwanafunzi afundishwe kanuni, na aambiwe pia kwamba kanuni hiyo ina wenyeji wake.

Halafu kuna "fetch". Kitenzi hiki kimoja kina safari mbili ndani yake: nenda mahali kitu kilipo, kisha rudi nacho. Kamusi nyingi hukifasiri kwa leta, na hapo nusu ya safari hupotea, kwa sababu leta haisemi kwamba mtu ameondoka kwanza. Kiswahili hakikosi njia. Bibi anayemtuma mjukuu wake humwambia, "Kaniletee maji," au "Kamwite babu yako." Ile "ka" ndiyo inayobeba kwenda. Tena "kaniletee" inazidi "fetch" kwa jambo moja: inamtaja mpokeaji. Ile "ni" na mnyambuliko wa kutendea vinaeleza kwamba maji ni ya bibi. Kiingereza kitaongeza neno la pembeni ili kusema hivyo. Sisi tunasema letea, pelekea, chukulia, bebea, na anayefanyiwa anakaa ndani ya kitenzi chenyewe pamoja na anayefanya. Naomba tulishike jambo hilo, maana nitalihitaji mbele.

Njia na jasho

Kiingereza ni tajiri wa maneno ya jasho. Kina "lug" kwa kubeba kitu kizito kwa taabu, "drag" kwa kuburuta, "haul" kwa kuvuta kwa nguvu na kwa muda, "heave" kwa kuinua kwa kishindo, "tow" kwa kukivuta chombo kilichofungwa nyuma ya kingine. Kila kimoja kinaonyesha misuli inafanya nini. Lakini vitenzi hivyo havisemi mzigo unapita wapi. Njia imeachiwa maneno madogo yanayofuata: "in", "out", "up", "down", "across".

Mwanaisimu Leonard Talmy alieleza tofauti hii katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1985. Alionyesha kwamba zipo lugha zinazoiweka njia ndani ya kitenzi, na zipo zinazoiweka nje yake na kukiacha kitenzi kitaje namna ya mwendo. Kiingereza kimo katika kundi la pili. Kiswahili, katika vitenzi hivi, husimama na kundi la kwanza: ingiza, toa, pandisha, teremsha, vusha, pitisha, rudisha. Njia imo humohumo.

Chukueni sentensi hii: "She lugged the sack across the river and up the hill." Kitenzi ni kimoja, na njia ni mbili. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba mama alibeba gunia kupitia mto na juu ya kilima. Hayo ni maneno ya Kiswahili, lakini mifupa ni ya Kiingereza, na tena yule mama amekwisha kuwekwa kileleni kabla hajapanda. Mwenye lugha yake atasema, "Alilikokota lile gunia, akalivusha mto, akalipandisha kilima." Vitenzi vimekuwa vitatu, na safari inaonekana hatua kwa hatua. Anayehofia kwamba sentensi imerefuka na aihesabu tena: tumefika mahali palepale, na jasho halikupotea njiani.

Upande wa pili, yapo mambo ambayo Kiingereza hakiyaulizi nasi tunayauliza. "Carry" hutosheka ikijua kwamba mzigo umeinuliwa juu ya ardhi. Umekaa wapi mwilini? Hilo ni nyongeza. Kiswahili kinamtenga anayejitwika ndoo kichwani, anayemweleka mtoto kwa mbeleko, anayempakata, na anayechukua mizigo mzegazega, mti begani na mzigo huku na huku. Kina pia somba, kitenzi cha hamali na fundi: kuhamisha vitu vingi kwa safari nyingi, magunia kutoka kwenye lori hadi ghalani, matofali kutoka tanuruni hadi kiwanjani. Kiingereza kitahitaji maelezo marefu ili kueleza kusomba.

Na tazameni jozi ya twika na tua. Ndoo ikijaa mno, mtu haiinui peke yake; husema, "Nitwike." Akifika nyumbani amechoka husema, "Nitue." Kitenzi kinamtaja mtu wa pili, yule anayesaidia kuupandisha mzigo kichwani kwa mwenzake na kuushusha. Kiingereza kina maneno ya kuinua na kuweka chini, lakini hakina kitenzi cha kila siku cha kazi hiyo ya jirani. Hiyo si aibu kwa Kiingereza. Kila lugha hutaja kwa neno moja yale ambayo watu wake walilazimika kuyasema mara kwa mara.

Ndiyo maana Kiingereza kinachosemwa Nairobi, Kampala na Arusha kimejipatia matumizi yake. Watu husema "escort me" kwa maana ya nisindikize, hata kama ni kufika kituo cha basi tu. Kwa Mwingereza neno hilo hunukia walinzi na itifaki. Kwetu kumsindikiza mgeni ni adabu, na adabu hiyo ilihitaji neno, ikalipata. Vivyo hivyo "shift" kwa kuhama nyumba, mahali ambapo London husema "move". Mwanafunzi aelezwe kila neno linaeleweka wapi, naye achague kwa kujua anaongea na nani.

Tabaka za wakati

Sasa tuchimbe chini. Vitenzi hivi havikuingia katika Kiingereza siku moja wala kwa mlango mmoja.

Tabaka la kwanza ni la Kiingereza cha kale chenyewe: "bring", "fetch", "bear", "ferry". Hicho cha mwisho hapo zamani kilikuwa na maana pana ya kuchukua na kupeleka, ndipo baadaye kikaegemea kwenye kuvusha watu na mizigo majini. "Bear" ndicho cha kutazama kwa makini. Ni kitenzi cha kubeba, cha kuzaa, na cha kuvumilia, vyote kwa pamoja. Sisi tunalielewa hilo bila kufafanuliwa, maana kwetu mwanamke huchukua mimba, na wanandoa wanaosameheana huambiwa wanachukuliana. Lugha mbili zisizo na udugu zimekutana mahali pamoja: aliyebeba mzigo mrefu kuliko wote ni mama, na subira ni namna ya kubeba.

Tabaka la pili lililetwa na watu wa Skandinavia. Walianza kuvamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, kisha wengi wakalowea kaskazini na mashariki ya nchi, wakaoa, wakalima, wakafanya biashara. Wao ndio walioleta "take". Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi chake cha kuchukua, "niman", ndugu wa kitenzi cha Kijerumani "nehmen", nacho kikasukumwa pembeni hadi kikafa. Ni nadra neno la kila siku kama hilo kung'olewa na la mgeni. Inaonyesha kwamba wageni hao waliishi na wenyeji jikoni na shambani, si kambini tu. "Lug" nayo inadhaniwa imetoka upande huohuo, na kutokana nayo likaundwa "luggage", mizigo ya safari: kwa asili yake, vitu vya kukokotwa.

Tabaka la tatu lilikuja na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. Hao walizungumza aina ya Kifaransa, nao ndio walioshika mahakama, kodi na ardhi. Kwao "carry" ilitoka katika jina la gari la kukokotwa, "carrus" kwa Kilatini, neno ambalo Warumi walilipata kwa Wagali. Hapo mwanzo "carry" ilikuwa kusafirisha kwa gari hilo. Polepole ikashuka kutoka garini hadi mikononi mwa watu, mpaka ikawa kitenzi cha kawaida cha kubeba. Pamoja nayo yakaja "convey", ambayo hapo mwanzo ilikuwa kufuatana na mtu njiani, na "deliver", ambayo mzizi wake ni kuacha huru. Anayemkabidhi mtu kifurushi mlangoni, na mkunga anayemzalisha mama, wote hufanya "deliver": kilichokuwa kimeshikwa kimeachiliwa.

Juu ya hayo wasomi wakaweka Kilatini cha vitabuni. Kutoka "portare", kubeba, yakapatikana "transport", "import", "export", "deport". Kutoka "ferre", nalo ni kubeba, yakapatikana "transfer", "refer" na hata "suffer". Neno "suffer", kuteseka, maana yake ya asili ni kubeba ukiwa chini ya mzigo. Tena "ferre" ya Kilatini na "bear" ya Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja, watoto wa lugha moja ya kale. Na kazi yetu wafasiri, "translate", imetokana na umbo la kitenzi hichohicho: kubeba na kuvusha. Kiswahili kililiita jambo hilo kwa neno la Kiarabu la kufafanua, tafsiri. Naona majina yote mawili yanatufaa. Anayefasiri hufafanua, na pia hubeba, na kuna vitu anavyoweza kuviangusha njiani.

Tazameni sasa jinsi tabaka hizi zilivyopangika. Maneno ya chini, mafupi, ya mwili, ni ya nyumbani na shambani. Maneno marefu ya Kilatini ni ya sheria, forodha, vita na biashara kubwa. Mtu hawezi kusema "lug" bila kumwona anayehema. Lakini anaweza kusema "transport" mara mia asimwone mtu hata mmoja.

Chombo kinapomeza mbebaji

Kiingereza kina desturi nyingine ya kukigeuza chombo kuwa kitenzi. "Cart" ni mkokoteni, na ni kuchukua kwa mkokoteni. "Truck" ni lori, na ni kupeleka kwa lori. "Ship" ni meli, na zamani ilikuwa kupakia melini. Leo mfanyabiashara wa Chicago hutumia "ship" kwa bidhaa zinazokwenda kwa lori hadi mji wa jirani, mahali ambapo hakuna bahari wala mto. Meli imetoka ndani ya kitenzi, pamoja nayo wamepotea kuli na baharia. Kilichobaki ni kwamba mzigo umeondoka na utafika.

Anayefasiri "ship" ahakikishe mzigo umekwendaje. Nimeona mara nyingi bidhaa zikisemwa kwamba zitakuja kwa meli, kumbe zimepita angani. Tuma, peleka, safirisha: maneno haya yapo, na kila moja lina mahali pake.

Hata "carrier", mbebaji, limehama. Leo ni shirika la ndege, ni kampuni ya simu, ni manowari inayopakia ndege za kivita. Lilikuwa mtu. Na katika nchi zetu tuna sababu ya kulikumbuka hilo kuliko watu wengine.

Kariakoo na Kariokor

Kabla sijafika hapo, niseme neno moja kuhusu "tote". Kitenzi hiki cha kubeba, hasa kwa mkono au mgongoni, kimeonekana katika maandishi ya Virginia, Marekani, tangu karne ya 17, nacho kilienea zaidi majimbo ya kusini. Mwaka 1949 msomi Mmarekani mweusi, Lorenzo Dow Turner, alichapisha uchunguzi wake wa lugha ya Wagullah, watu wenye asili ya Afrika wa pwani ya South Carolina na Georgia. Miongoni mwa maelfu ya maneno aliyoyakusanya, alilihusisha "tote" na vitenzi vya lugha za Kibantu za upande wa Kongo na Angola, vyenye maana ya kuokota na kubeba. Watunga kamusi hawajakubaliana naye, na wengi huandika kwamba asili yake haijulikani. Lakini Turner alifundisha jambo lisilopingika: waliobeba mizigo ya mashamba yale walikuwa na lugha, na anayetafuta asili ya neno la kazi hana budi kuwauliza waliofanya kazi.

Sasa turudi kwetu. Vita Kuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, reli zilikuwa chache na barabara chache zaidi. Ng'ombe, farasi na punda waliuawa na maradhi ya mbung'o. Risasi, unga, dawa na mizinga iliyofunguliwa vipande vilipita porini juu ya vichwa na mabega ya watu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, wakakiita Carrier Corps. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Wengi waliandikishwa kwa nguvu, na mwaka 1917 msako wa watu ukawa mkali kuliko wakati wowote. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi, kwa njaa na kwa unga ambao haukupikwa ukaiva. Kumbukumbu za serikali ya Uingereza zenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na wanahistoria waliozichunguza baadaye wameona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi sana.

Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi waliwekewa kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekusudia soko. Watu wakalichukua jina la kikosi wakalitia katika matamshi yao: Kariakoo. Nairobi nako pakawa na Kariokor. Baadaye wakubwa wa jeshi walikibadili kikosi hicho jina, neno la kubeba likaondolewa, likawekwa la kazi za kijeshi. Jina jipya likabaki katika majalada. Wananchi hawakulifuata. Walishika lile lenye mbebaji ndani yake, wakalipa mtaa na soko, na hadi leo mamilioni hulitamka.

Tazameni mambo mawili yaliyotokea hapo. Katika karatasi za kijeshi, kitenzi cha kawaida cha habari hii kilikuwa cha kutendwa. Shehena hufikishwa, akiba huhamishwa, vifaa husafirishwa: "the supplies were transported". Sentensi kama hiyo haina kosa la sarufi, na haina mtu. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wamo katika hesabu hiyo. Sisemi kwamba kitenzi ndicho kilichofuta majina yao. Waliofuta ni watu, kwa maamuzi yao. Ninachosema ni kwamba kitenzi kisicho na mtendaji kiliwarahisishia, maana huulizwi jina la mtu ambaye sentensi yako haikumtaja.

Wajibu wetu

Basi tufanye nini? Naomba niseme na makundi matatu.

Walimu wa Kiingereza, msiwape watoto orodha ya neno kwa neno. Wapeni maswali. Mzungumzaji yuko wapi, na msikilizaji yuko wapi? Safari ni ya kwenda, ya kuja, au ya kwenda na kurudi? Mzigo una uzito gani, na unapitishwa wapi? Unakwenda kwa mwili wa mtu au kwa chombo? Mtoto anayejibu maswali hayo atachagua kati ya "bring", "take", "fetch", "carry" na "drag" bila kubahatisha, na atajifunza pia kuitazama lugha yake mwenyewe, ambayo mara nyingi tunaipita kama vile haina la kufundisha.

Watunga kamusi, tusiridhike na "carry" kufasiriwa beba, chukua, kisha basi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili imwonyeshe msomaji kwamba hapa atahitaji twika, hapa eleka, hapa somba, hapa vusha. Na kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza isiandike "carry" mbele ya vitenzi hivyo vyote na kuishia hapo. Maneno ya kuli, ya dobi, ya wachota maji na ya mafundi yakusanywe sasa, kwa sababu mashine za kupakia na mabomba ya maji yakienea, kazi hubadilika, na maneno yake huondoka na wazee.

Wafasiri, waandishi wa habari na maofisa, kwenu nina ombi zito zaidi. Kiswahili cha ofisini kimeanza kuiga ule ukimya. Tunaandika kwamba zoezi la usafirishaji wa vifaa limefanyika, au kwamba uhamishaji wa wakazi umekamilika. Nani alisafirisha? Nani alihamishwa, kwa gari la nani, akiwa na nini mkononi? Lugha yetu haitulazimishi kukaa kimya. Kitenzi chake kina nafasi ya mtendaji mbele, ya mtendwa katikati, na ya anayetendewa katika mnyambuliko. "Vijana wa mtaa waliwabebea wazee mizigo yao" ni sentensi fupi yenye watu wote ndani. Pale ambapo Kiingereza cha ripoti kimemficha mbebaji, mfasiri asimbuni, maana hana haki ya kutunga. Lakini aulize, atafute katika maandishi yenyewe, na akimpata amtaje. Asipompata, angalau asiongeze ukimya wa Kiswahili juu ya ukimya wa Kiingereza.

Kiingereza ni lugha kubwa, nami sikuja kukishtaki. Maneno yake ya mwili yana ukweli mwingi, na asili ya "suffer" inatosha kuonyesha kwamba nacho kiliwahi kujua kubeba ni nini. Sisi tunaokipokea tukipokee chote, pamoja na jasho lake. Kila tukutanapo na mzigo uliofika, katika kitabu, katika hati ya forodha au katika historia ya taifa, tuulize nani ameubeba, na jibu tuliandike kwa jina.